Barua za Chumba cha Tano

Nyumba yetu ya Majengo, Mombasa, ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani palikuwa na jiko, choo na mlimau. Ilikuwa nyumba bila ardhi, kama nyumba nyingi za mtaa ule: kuta na paa vilikuwa vyetu, kiwanja kilikuwa na mwenyewe, na kila mwezi tulimpelekea kodi yake. Chumba cha kwanza, cha karibu na baraza, tulilala mama, mimi na mdogo wangu. Vile vitano vilipangishwa. Mpangaji alinunua kufuli lake mwenyewe, akaja nalo mkononi siku ya kuhamia, na mama hakushika ufunguo wa pili wa chumba cha mtu yeyote. Hiyo ilikuwa amri ya nyanya. Nyanya alifariki nikiwa na miaka saba, lakini amri zake zilibaki ndani ya nyumba kama misumari ukutani.

Nyanya alikuwa mtu wa bara. Alisilimu Nairobi, katika kijiji cha Pangani, wakati Nairobi ilikuwa mji wa wanaume. Serikali ya kikoloni iliwataka vijana waje na kipande shingoni, wajenge, wabebe, wapike. Wake zao iliwataka wabaki mashambani. Basi wanawake waliokuja kwa miguu yao, waliokimbia ndoa au njaa au mume aliyechaguliwa na ng'ombe wa baba, walipanga vyumba, wakawapikia wanaume wale chai, wakawachemshia maji ya kuoga, wakawafulia mashati, na kitanda kikawa sehemu ya hayo yote. Wako waliojenga nyumba kwa fedha hizo. Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na nyanya akapanda treni ya pwani na akiba yake imeshonwa ndani ya mto. Hakuna aliyetuketisha akatuhadithia haya. Tuliyaokota vipande vipande, kwa matusi ya majirani siku za ugomvi wa maji, na kwa jinsi mama alivyokataa kabisa neno malaya litamkwe chini ya paa lake.

Nayasema mapema ili msomaji ajue ni nani anayemsimulia. Nililelewa kwa fedha hizo mara mbili: nyumba ilitoka kwa nyanya, na ada yangu ya shule ilitoka kwa kodi ya wapangaji waliofanya kazi ile ile miaka arobaini baadaye. Leo nikisikia redioni watu wakishindana, mmoja akitaka biashara ya ngono ihalalishwe na mwingine akitaka wote wafungwe, nasikia wakiwazungumzia wanawake wale kama kundi moja lenye historia moja. Kwetu walikuwa watano, na sikuona wawili waliofika kwa njia moja.

Mwaka 1980 nilikuwa kidato cha tatu, na kazi yangu baada ya isha ilikuwa kuwaandikia barua. Wapangaji wetu walikuwa hodari wa hesabu za fedha, lakini wengine hawakusoma, na wengine walisoma kidogo wakaonea aibu mwandiko wao. Niliketi kwenye mkeka ukumbini, daftari magotini, nao wakanisomea yaliyomo moyoni, au yale waliyotaka yaonekane kuwa yamo. Siku ya pili nilipita posta nikajaza fomu za manioda. Kwa hiyo nilijua ni nani aliyepelekewa nini. Dada wa chumba cha pili, mtu wa Kitui, aliwasomesha wadogo zake wanne, na kila barua yake ilianza kwa maneno yale yale: kazi ya hoteli yaendelea vizuri. Kwa fedha zake nyumba ya baba yake ilitolewa nyasi ikaezekwa mabati. Baba alijibu kwa mkono wa karani wa kanisa, akamwombea heri na baraka hotelini.

Wa chumba cha nne alikuwa Mganda, mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe alichukuliwa na watu wa Amin, hakurudi. Alivuka mpaka, akaendelea kusafiri mpaka akafika baharini kwa sababu, alisema, mbele hapakuwa na nchi tena. Huyo aliandika barua zake mwenyewe, na ndiye aliyenisahihishia insha za Kiingereza mwaka mzima.

Wa chumba cha tatu alitoka Murang'a. Kabla ya kuja Mombasa alikuwa yaya Nairobi, kwa watu wenye gari mbili. Siku moja, akichambua mchele uani, alinieleza habari za kazi ile bila chozi. "Nilipewa shilingi mia moja na hamsini kwa mwezi. Nililala jikoni. Baba mwenye nyumba akija usiku, halipi kitu. Nilipomwambia mama mwenye nyumba, aliyefukuzwa ni mimi. Hapa nalipwa, na kufuli ni langu."

Nilikuwa mtoto wa shule, nimejaa huruma ya vitabuni. Nikamwambia pole dada, kumbe ulilazimika kuja huku. Akaweka ungo chini.

"Nililazimika kuwa yaya," alisema. "Huku nilikuja mwenyewe. Usininyang'anye hilo."

Nimelibeba neno lile miaka yote hii. Sisemi alichagua kama mtu anavyochagua leso dukani, zimetundikwa hamsini naye anashika anayoipenda. Njia alizokuwa nazo zilikuwa mbili au tatu, zote nyembamba, na aliijua kila moja kwa ngozi yake. Lakini katika hizo aliipima moja akaifuata, akajua kwa nini, na aliumia mtu alipomfanya mzigo uliobebwa tu.

Mwaka ule ndio manowari za Marekani zilipoanza kuja kwa wingi. Iran ilikuwa imepinduka, Wamarekani walikuwa wametekwa ubalozini mwao Tehran, na serikali yao ilitafuta bandari za kutilia nanga kwenye Bahari ya Hindi. Kenya ikakubaliana nao. Manowari ikiingia Kilindini, mji mzima ulivaa. Wachongaji walipanga twiga na ndovu wa mbao kando ya barabara ile tuliyoizoea kwa jina la Kilindini, ambayo sasa ilikuwa Moi Avenue; wenye teksi waliosha magari mara mbili kwa siku; mabaa yaliazima viti. Wasichana walishuka kwenye treni ya Nairobi asubuhi, mfuko mmoja mkononi, wakauliza njia ya Majengo. Bei ya kuku ilipanda. Kila mtu alikula kwa manowari: mwenye baa, mwenye teksi, muuza mishikaki, fundi cherehani, na sisi tuliopangisha vyumba. Waliokamatwa ni wanawake peke yao.

Kosa lao liliandikwa kuwa ni kuzurura kwa nia ya ukahaba. Msako ulipopita usiku, asubuhi mama alinifungia fedha za faini kwenye pembe ya leso, nami nikaenda mahakamani kwa sababu yeye hakutaka kuonekana. Walisomewa mashtaka kwa pamoja, kumi na tano au ishirini, wengine wamejitanda leso za kuazima. Wote walikubali kosa. Anayekana angewekwa rumande kungoja kesi, na watoto nyumbani wasingengoja. Nilimwona mwanamke aliyekamatwa akitoka hospitali na kadi ya dawa mkononi; naye alikubali. Faini ikilipwa mchana, usiku alirudi barabarani kuitafuta tena. Dada wa chumba cha pili aliziandika faini zake kwa mkaa nyuma ya mlango wake, kama mtu anayehesabu siku.

Kisha akauawa mwanamke. Jina lake lilichapwa magazetini wakati ule, na aliye na haja atalikuta. Sitaliandika mimi, kwa kuwa aliacha watoto wawili na sasa ni watu wazima. Alikuwa na miaka 32. Aliyemuua alikuwa baharia wa manowari, kijana wa miaka 19, na alikiri mahakamani. Hakuwa mpangaji wetu, lakini dada wa chumba cha pili alimjua, walikuwa wakisukana nywele. Kwa wiki nzima nyumba yetu haikuzima taa usiku.

Hukumu ilipotoka mama aliniambia nisome gazeti kwa sauti. Tulikuwa ukumbini sote. Jaji, Mwingereza, alimwachia kijana yule aende zake kwa dhamana ya shilingi 500, atie sahihi kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili.

"Soma tena," alisema Mganda.

Nikasoma tena.

"Mia tano ngapi?"

Chumba kwetu kilikuwa shilingi 120 kwa mwezi. Dada wa chumba cha pili aliinuka, akaenda kuangalia nyuma ya mlango wake. Aliporudi alisema kwamba yeye ameshalipa zaidi ya hiyo kwa kosa la kusimama. Magazeti yalipiga kelele, na nchi nzima ilikasirika. Wengi walikasirika kwa ajili ya heshima ya taifa, kwamba mzungu amemuua Mwafrika akatoka. Nami nilikasirika hivyo hivyo. Lakini ukumbini kwetu walikuwa wameelewa jambo lingine, la karibu zaidi. Walikuwa wameambiwa bei yao.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niketi niandike, na ningependa kuyapita haraka, ila siwezi.

Mwaka 1981, baada ya Idi, chumba cha tano kilichukuliwa na mwanamke wa makamo, mwenye kauli nzuri na jino la dhahabu. Yeye mwenyewe hakulala hapo. Alikuja na msichana aliyemwita mtoto wa ndugu yake. Alisema msichana ana miaka kumi na minane. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa na kumi na minane, na nilijua kwamba huyu si mwenzangu: mchana alicheza kete uani na mdogo wangu aliyekuwa na miaka kumi na miwili, na walipogombana alilia kama mdogo wangu.

Shangazi, maana ndivyo tulivyomwita sote, alileta kufuli kubwa la chuma, na funguo zote mbili alizitia kifuani mwake. Mama alimwambia, "Hapa kila anayelala ana ufunguo wake." Shangazi akacheka kwa upole. "Mtoto msahaulifu huyu, Bi Mkubwa, ataupoteza." Akatoa kodi ya miezi mitatu, taslimu. Paa letu lilikuwa likivuja tangu masika. Mama alizipokea. Aliyezihesabu ni mimi, juu ya mkeka ule ule wa barua.

Baada ya siku chache mchezo wa kete ulikwisha, kwa kuwa mlango ulifungwa kwa nje hata mchana. Shangazi alikuja magharibi, akafungua, akaleta watu, akafunga. Fedha alipokea yeye. Dada wa chumba cha pili alimpitishia msichana mahamri na mbaazi kati ya nondo za dirisha. Usiku tulisikia, na sitaandika tulichosikia.

Ilikuwa nyumba moja na, kwa macho ya mtu wa nje, kazi moja. Askari angeandika kosa lile lile kwa chumba cha tatu na chumba cha tano. Shehe wa mtaa angewaonya kwa maneno mamoja. Lakini hakuna mpangaji wetu aliyechanganya mambo yale mawili hata kwa dakika. Dada wa Murang'a alikuwa akipita mbele ya mlango ule akitema mate, na alipokutana na Shangazi ukumbini alimwita kuwadi machoni pake. Hao ndio waliojua, kuliko mwanasheria yeyote niliyekutana naye baadaye, mahali hiari inapokoma.

Binti wa mdogo wangu ni wakili Nairobi. Nilipomsimulia haya kwa mara ya kwanza, aliniuliza swali ambalo nililingoja miaka mingi mtu aniulize: "Mama mkubwa, kwa nini hamkwenda polisi?"

Nilimwomba anieleze kwanza sheria yenyewe, kisha nikamjibu. Kanuni ya Adhabu yetu ni ya Waingereza, ya mwaka 1930. Kuuza mwili kwenyewe haikukutaja kuwa kosa. Inamwadhibu anayeishi kwa mapato ya kahaba, na mwenye nyumba anayepangisha akijua chumba kinatumiwa kwa nini. Hata mwanamume anayekaa na mwanamke wa kazi ile anahesabiwa kuwa anamla mpaka athibitishe vingine. Mtoto wake wa kiume akishakuwa mtu mzima naye aweza kuingia humo. Kusimama barabarani kulikatazwa na sheria ndogo za manispaa. Kwa hiyo mama angefika kituoni aseme nini? Kwamba katika chumba cha tano cha nyumba yangu kuna mtoto amefungiwa? Wangemuuliza, na chumba cha pili je, na cha tatu, na cha nne? Yeye angeshtakiwa kwa kupangisha, dada zangu wale kwa kuzurura, na nyumba ingefungwa. Mganda hakuwa na karatasi, angerudishwa alikotoka. Kifungu cha kuwashika makuwadi kilikuwamo kitabuni. Watu pekee waliomwona mtoto yule kila siku walikuwa ni sisi, na sheria ilikuwa imeshatuziba mdomo.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba tulikuwa tumekula kodi ya miezi mitatu.

Dada wa chumba cha tatu alipanga kulivunja kufuli kwa mchi wa kinu Jumapili, wakati Shangazi hayupo, na walikuwa wamechanga nauli ya basi kutoka Mwembe Tayari. Msako ulikuja Ijumaa. Askari waliingia mpaka ndani, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwetu, wakavunja kufuli la chumba cha tano wao wenyewe. Walimkuta msichana peke yake. Wakamtia kwenye gari pamoja na wengine watatu.

Asubuhi mama alinipa faini nne. Nilikuwapo msichana aliposomewa mashtaka. Karani alipomuuliza umri, alijibu haraka, kama mtoto aliyekariri, kumi na tisa. Hakuna aliyemtazama mara ya pili. Alipoulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Wakati ule sheria ya kuwalinda wasichana dhidi ya watu wazima iliishia kwenye miaka 14. Mpaka wa miaka 18 umekuja na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006. Nilikwenda dirishani kulipa. Karani akaniambia za watatu zatosha, ya huyu mdogo imeshalipwa. Nilipogeuka nilimwona Shangazi kwenye lango, amevaa buibui jipya, amemshika mkono. Msichana alinitazama. Nilikuwa na fedha za faini ya nne mkononi na sikujua la kufanya nazo. Sikupiga kelele. Wakapanda teksi.

Hatukumwona tena. Dada wa chumba cha pili alimtafuta Changamwe na Magongo, na mama alimtafuta kwa njia zake, na Shangazi hakurudi hata kuchukua godoro.

Polisi walimwonya mama kwamba mara nyingine watamshtaki. Akawapa wote notisi. Alilia siku ile, mama yangu aliyekuwa halii. Dada wa chumba cha pili akahamia kwenye gesti iliyokodisha vyumba kwa saa, ambako nusu ya fedha zake alizichukua mwanamume wa mapokezi, na ufunguo ulining'inia ukutani nyuma ya huyo mwanamume. Ugonjwa ulimchukua mwaka 1989. Mganda alirudi kwao vita vilipotulia, akafundisha. Tuliandikiana mpaka alipofariki.

Wa chumba cha tatu alikwenda Uarabuni. Ilikuwa 1984. Wakala wa mjini alimtengenezea pasi, akamwandikia jina la Kiislamu, na kumtafutia kazi ya shaghala kwa mkataba wa miaka miwili. Kwao Murang'a walichinja mbuzi. Mama yake, ambaye kwa miaka sita hakuthubutu kumtaja kanisani, alisimama mbele ya waumini akamtolea shukrani. Alikaa miaka mitatu. Aliporudi alikuja kututazama, amekonda, na tulimkalisha barazani tukamletea chai.

Pasi yake ilichukuliwa siku aliyofika. Huko, wakati ule, mgeni alikuwa chini ya kafili, mwajiri aliyemwita, na bila idhini ya kafili hakuweza kubadilisha kazi wala kuondoka nchini. Mshahara wa miezi minne ya kwanza ulimezwa na wakala. Aliamka kabla ya alfajiri na kulala baada ya wote, akapika, akalea, akaosha nyumba ya ghorofa tatu. Walipotoka, walimfungia. "Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango ule," alisema, "nikikumbuka kufuli langu la Majengo. Nilikuwa nimelinunua shilingi kumi na mbili." Baba wa nyumba ile hakumgusa, alitaka tulijue hilo, wala mama hakumpiga. Walimwita binti. Mkataba ulipokwisha walikaa na pasi mwaka mwingine mzima kwa kuwa mtoto mdogo alikuwa amemzoea.

Wako waliokwenda wakapata watu wema, wakajenga, wakaolewa. Nawajua, majirani zangu wawili ni hao. Nasimulia ya huyu kwa sababu alikuwa mtu mmoja, na mwili mmoja, na nilizisikia habari zake za nyakati zote kwake mwenyewe. Alipofanya kazi ambayo dunia ilimwambia ni utumwa, alitoka alipotaka, alimkataa mteja alipotaka, na manioda aliziandikisha kwa jina lake. Alipofanya kazi ambayo kwao waliichinjia mbuzi, hakuweza kwenda dukani.

Tangu hapo sheria zimeongezeka. Mwaka 2010 Kenya ilipata sheria yake ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na adhabu yake ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Inasema ridhaa ya aliyesafirishwa si kinga kwa msafirishaji ikiwa palikuwa na hila, nguvu au kutumia unyonge wake. Niliposomewa hilo na binti wa mdogo wangu nilimfikiria Shangazi na funguo zake kifuani, nikasema hii ingemfaa yule mtoto. Lakini mtu wa kuipeleka habari polisi bado ni jirani, mpangaji mwenzake, mwenye nyumba, na hao bado wanaogopa. Wanawake wawili walikwenda Mahakama Kuu kuipinga ile sheria ndogo ya Mombasa ya kuzurura iliyowatia mbaroni. Walishindwa mwaka 2011.

Kwingine wamejaribu mengine. Sweden, tangu 1999, wanamkamata mnunuzi na kumwacha muuzaji. New Zealand, mwaka 2003, waliiondoa kazi hiyo kwenye makosa kabisa, wakaruhusu hata wanawake wachache wakae pamoja wafanye kazi bila bosi. Nilipoyasikia ya New Zealand nilifurahi, nikaona nyumba yetu, na mama yangu akipokea kodi bila kumtuma mtoto mahakamani. Kisha binti wa mdogo wangu akaniambia kwamba mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi. Akikutwa akifanya kazi hiyo anaweza kurudishwa kwao. Wamesema ni kwa ajili ya kumlinda asije akaletwa na makuwadi. Nikamfikiria Mganda wa chumba cha nne, aliyetembea mpaka nchi ikaisha. Mgeni akidhulumiwa huko, atamwambia nani, ikiwa kusema ni kujitia kwenye ndege? Naona tumerudi uani kwetu, tukimpitishia mtu mahamri dirishani.

Ningepewa kuandika sheria, ningeanza kwa kuuliza maswali ambayo wapangaji wetu waliulizana wenyewe alipoingia mtu mpya. Nani amekuleta? Fedha anashika nani? Ukitaka kuondoka kesho, utaondoka? Waliyauliza kwa yaya, kwa mke, kwa mpishi wa hoteli. Sikuwahi kuona askari akiyauliza.

Mama alifariki 2003. Katika sanduku lake nilikuta noti za faini ya nne, zimefungwa kwenye kipande cha leso. Zilikuwa noti za zamani.

Mimi nimehifadhi karatasi moja. Msichana wa chumba cha tano aliniandikisha barua mara moja tu, wiki ya kwanza, Shangazi ameketi kando yake. Ilikuwa barua ya kwenda kwa mama yake. Alianza vizuri, akasalimia, akaulizia mbuzi, akasema mji ni mkubwa na bahari ni ya chumvi kweli kama walivyosikia. Kisha akasema jambo, nami nikaliandika, na Shangazi akaweka kidole juu ya karatasi. "Hilo lifute, mwanangu. Mama yake atadhani huku kuna wezi."

Nililifuta. Barua yenye mfuto haipendezi, na nilijivunia mwandiko wangu, kwa hiyo nikachukua karatasi safi nikainakili yote upya bila mstari ule. Shangazi aliichukua ile safi. Iliyoharibika niliichomeka ndani ya daftari la hesabu. Wino umefifia, na mfuto umefifia zaidi kuliko maneno, hata sasa hivi yanasomeka bila miwani: *Mama usiwe na wasiwasi mlango wangu una kufuli kubwa analifunga shangazi.*